Kipepeo Ana Masharti Kuliko Mganga

Mganga, na makeke yake yote, atakuagiza kuku mweusi na kukukataza kugeuka nyuma. Basi, yameisha. Kipepeo yeye anataka uje alfajiri, usimtie kivuli, usimpulizie pumzi, umletee ndizi zilizooza, na ukishatimiza yote anaruka anatua kwenye bati la jirani. Wewe umebaki umepiga magoti, suruali imelowa umande, kamera inatazama ua tupu.

Na hayo maua yenyewe! Watu wanajinyima, wanapanda zinia, wanapanda pentasi, wengine wanapanda lantana (ambayo ikishatoka nje ya ua haina adabu tena, inameza shamba zima). Mheshimiwa anapita juu yake bila hata hodi, anakwenda kutua pale maji ya bafuni yanapotokea. Kwenye tope! Na ukweli ni kwamba ana hoja. Nekta ni sukari, chumvi haimo ya kutosha. Madume huifuata kwenye udongo wenye unyevu, na sehemu yake humpa jike wakati wa kupandana. Kwa hiyo picha nzuri kuliko zote, ukiipiga kwa uaminifu, nyuma yake kuna ndoo na kandambili moja ya kushoto. Dawa yake ni kumhamishia bafu: sinia la mchanga, maji yenye chumvi kiduchu, lisikauke, na liwekwe mahali ambapo majani ya nyuma yako mbali, mita moja na nusu au zaidi, ili yageuke ukijani laini usio na umbo.

Kuna wale wanene wenye kurupuka kama risasi, mabawa ya nyuma yana vimkia, jamii ya Charaxes. Hao maua hawataki kuyasikia. Ni walevi. Ponda ndizi mbivu 4, tia vijiko 2 vya sukari na nusu kikombe cha bia, funika bila kukaza maana mchanganyiko unatoa gesi, acha siku 2 hadi 3. Weka kwenye kisahani, ukitundike tawini kwa kimo cha macho yako. Kamba upake grisi, la sivyo sisimizi watafanya karamu kabla mgeni rasmi hajafika. Akishalewa unaweza kumsogelea mpaka ukahesabu miguu. Nzi nao watakuwepo, hao hawahitaji kadi ya mwaliko.

Halafu saa. Misuli ya kipepeo ikiwa ya baridi haimrushi. Mpaka apate joto, mara nyingi nyuzi 28 hadi 30 na zaidi, ndiyo aondoke. Ndiyo maana asubuhi anatandaza mabawa juani kama kanga kwenye kamba. Huo ndio muda wako. Lushoto au Limuru unaweza kunyoosha hadi saa tatu. Dar na Mombasa, ambako hata usiku ni jasho, uwe umeshafika bustanini saa kumi na mbili na nusu. Ukiamka ukanywa chai kwanza, utamkuta ameshakuwa bodaboda.

Sasa kumsogelea. Tumezoeshwa kwamba jua likae mgongoni mwa mpiga picha. Kwa harusi, sawa. Kwa kipepeo, kivuli chako kinafika kabla yako, na yeye kivuli anakisoma kama ndege anayekuja kumla. Jua liwe ubavuni. Kamera iwe jichoni tangu mita mbili nyuma, kwa sababu kinachomtimua ni ule mkono unaopanda ghafla dakika ya mwisho. Inama ungali mbali, sogea hatua, tulia, sogea tena. Majirani watauliza umepoteza nini. Usijibu.

Ukifika, kamera nayo inaanza visa. Kwa ukubwa halisi, yaani milimita 10 za mdudu zikae milimita 10 kwenye sensa (kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea picha), tundu la lenzi likiwa f/8 unapata takriban milimita 1 ya eneo lililo kali. Milimita moja! Jicho likikaa sawa, vipapasio vya kichwani vimezama kwenye ukungu. Vipapasio vikitoka, jicho limekwenda. Ukishuka hadi nusu ya ukubwa halisi unapata karibu milimita 3. Na hapa ndipo hela za watu zinapopotea: kipepeo wa mlimau, Papilio demodocus, akitandaza mabawa anafika sentimita 10 na kuzidi, wakati sensa kubwa ina upana wa milimita 36. Ukubwa halisi wa nini, umpige goti? Robo tu inamtosha mwili mzima, na eneo kali linakaribia sentimita moja. Pete za kurefusha lenzi, zile tupu zisizo na kioo, zinatosha kabisa: lenzi ya milimita 50 ukiiongezea milimita 25 unapata nusu ya ukubwa halisi. Ila itakubidi umkaribie, na lenzi ya milimita 100 ndiyo inakuacha mbali bila yeye kushtuka.

Fokasi weka ya mkono. Usizungushe pete ya fokasi, yumba wewe mwenyewe mbele taratibu, ukifyatua picha tano sita mfululizo kwenye jicho. Mgongo wa kamera ulale sambamba na bawa. Ukikosea kidogo, nusu ya bawa inakuwa maziwa. Kasi ya kufyatua isipungue 1/250 ya sekunde, kukiwa na upepo 1/500, na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 800 haina aibu. Kusi ikivuma hata hiyo haisaidii, ua linacheza kama bibi harusi. Funga kibanio cha nguo kwenye kijiti, kichomeke ardhini, kibane shina la ua chini kabla mgeni hajatua. Ukibana akiwa ametua, umejifukuzia mwenyewe. Na ukitumia flashi, ifunike kwa karatasi nyeupe, la sivyo magamba ya bawa yanang'aa kama paji la uso la mbunge kwenye televisheni.

Wenye simu wanacheka, lakini wasicheke sana. Ukisogea, simu nyingi zinahamia lenzi pana ambayo inataka sentimita 2 hadi 4, na hapo simu yenyewe ndiyo kivuli. Kaa sentimita 30, tumia zuumu mara 2. Kile kilenzi cha kubanika juu ya simu, cha kukuza mara 10, kinaona vizuri kwenye sentimita 2 na nusu tu. Kiwekee viwavi.

Anayeanza amtafute yule wa rangi ya chungwa, ncha nyeusi zenye madoa meupe, Danaus chrysippus. Ana sumu mwilini, ndege wanajua, ndiyo maana anaruka kwa maringo. Ila angalia bawa la nyuma. Madoa meusi matatu au manne katikati, ndiye. Doa moja tu ukingoni, umepiga jike la Hypolimnas misippus, asiye na sumu yoyote, aliyevaa sare ya kampuni isiyomwajiri.

Wapo wanaowatia kwenye friji ili watulie. Picha zao zinajulikana: miguu imejikunja na kipepeo amekaa kama aliyeanguka kutoka darini.

Njia ya mkato ipo mlimauni, lakini hakuna anayeitaka, maana inaanza kwa majani kuliwa. Kiwavi mchanga wa Papilio anafanana na mavi ya ndege, akikua anakuwa kijani, ukimgusa anatoa pembe mbili zenye harufu kali. Watu wanapulizia dawa, halafu wanaulizana vipepeo wamekwenda wapi. Mwache. Atageuka pupa kijitini, na pupa ikiwa nyeusi na rangi za mabawa zikaanza kuonekana ndani yake, amka mapema kesho yake. Akitoka ananing'inia akikausha mabawa kwa saa moja au zaidi, haruki, hakimbii, hana masharti. Unaweka tripodi, unachagua upande, unapanga mwanga. Isipokuwa usilale chini yake ukimpiga kutoka chini, kwa sababu katika saa hiyo hiyo anamwaga taka yote aliyoibana tangu awe pupa, na kioo cha mbele cha lenzi kimetazama juu.