Damu inapoganda kupigana na maradhi: tuizuie au tuiache?

Kuziba jeraha ni nusu tu ya kazi ya kuganda kwa damu. Mwaka 2004 watafiti wa Berlin walionyesha kwamba nyutrofili, seli nyeupe zinazotangulia kufika penye maambukizi, hutema nyuzi za DNA na kuwanasa bakteria. Baadaye ikabainika kwamba nyuzi hizo huchochea damu kuganda: chembe sahani (vipande vidogo vya seli vinavyosaidia damu kuganda) hunata humo, fibrini (nyuzi za protini zinazoushika mgando) hutanda, na vijidudu hufungiwa kabla ya kusambaa. Mwaka 2013 watafiti Bernd Engelmann na Steffen Massberg walitetea hoja kwamba kuganda huku ni sehemu halali ya kinga ya mwili.

Tatizo ni sepsis, hali ya hatari ambapo mwili unapopigana na maambukizi huziumiza ogani zake wenyewe. Mgandisho unapovuka mpaka, mishipa midogo huziba na figo hukosa damu, huku chembe sahani zikipungua hadi mgonjwa avuje damu kwingine. Ndiyo maana wengi waliona jibu ni kuzuia. Jaribio la protini C iliyoamilishwa, dawa inayozuia damu kuganda, lililochapishwa mwaka 2001, liliwapa nguvu: vifo asilimia 24.7 kwa waliopewa dawa, 30.8 kwa wasiopewa. Lakini jaribio jingine halikuona nafuu yoyote, vifo vikiwa asilimia 26.4 kwa waliopewa na 24.2 kwa wasiopewa, na Oktoba 2011 dawa ikaondolewa sokoni.

Wanaopinga kuzuia mgandisho husema tulibomoa ngome ya mwili kwa mikono yetu. Siwafuati hadi mwisho. Kuna bakteria, Staphylococcus aureus, anayegandisha damu kwa makusudi ili ajifiche ndani ya fibrini. Hapo ngome inamlinda adui. Na katika UVIKO-19, majaribio ya mwaka 2021 yalionyesha heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, katika dozi kamili ikiwasaidia waliolazwa kabla ya kuzidiwa, lakini si waliokwisha kuzidiwa. Hili linawasumbua wanaodai kuwa mgandisho wa mapema ndio wenye faida. Huenda sababu mojawapo ni kwamba heparini pia hupunguza uvimbe wa kinga, si mgandisho peke yake.

Kwangu mimi, kosa limekuwa kuwaweka wagonjwa wote wa sepsis kapu moja. Anayeshambuliwa na kirusi na anayeshambuliwa na bakteria mjanja hawafanani, wala siku ya kwanza si sawa na ya tano. Majaribio yajayo yachague wagonjwa kwa kimelea, kwa kiwango cha D-dimer (mabaki ya fibrini iliyovunjwa, yanayopimwa kwenye damu) na kwa idadi ya chembe sahani, ndipo dawa ya kuzuia mgandisho ipimwe kwa haki.