Ged hakuwa mzungu: kuwatetea wanaolalamikia filamu

Kila riwaya ya zamani ya maajabu inapogeuzwa filamu, wapenzi wake hugawanyika mapema. Kuna wanaosema filamu imekiua kitabu. Kuna wanaowajibu kwamba filamu ni filamu, kitabu bado kiko kabatini, anayekitaka akakisome. Jibu hilo lina utulivu wa mtu mzima, ndiyo maana mara nyingi ndilo linaloshinda. Wanaolalamika huonekana watu wa kuhesabu punje za mchele, wa kukasirika kwa sababu fulani hakuvaa joho la rangi iliyoandikwa ukurasa wa arobaini.

Mimi niko karibu zaidi na hao wanaolalamika, na kisa kilichoniweka huko ni cha Earthsea.

Mwezi Desemba 2004 kituo cha televisheni cha Sci Fi cha Marekani kilionyesha, kwa siku mbili, tamthilia iliyotokana na riwaya mbili za kwanza za Ursula K. Le Guin kuhusu visiwa vya Earthsea. Ya kwanza, A Wizard of Earthsea, ilitoka mwaka 1968. Ni hadithi ya Ged, mtoto wa mfua shaba katika kisiwa cha Gont, anayegundua kwamba ana kipawa, anapelekwa kusoma katika shule ya kisiwa cha Roke, na kwa kiburi cha ujana anafungulia kivuli ambacho baadaye kinamwinda bahari nzima. Ukitafsiri harakaharaka utamwita mchawi, lakini kwetu mchawi ni mtu wa kuroga. Ged ni mganga hasa. Kazi yake ya kwanza baada ya masomo ni kuwazindikia wavuvi mashua zao.

Ged ana ngozi ya kahawia inayoelekea wekundu, kama shaba, na watu wengi wa visiwa vile wako hivyo. Rafiki yake mkubwa, Vetch, ni mweusi. Weupe wenye nywele za manjano ni Wakargi, wavamizi wanaokuja kwa majahazi kuchoma vijiji. Katika tamthilia, Ged alichezwa na kijana mzungu, na karibu kila aliyemzunguka alikuwa mzungu. Danny Glover alipewa nafasi ya Ogion, mwalimu wake wa kwanza.

Nilikisoma kitabu hicho nikiwa na miaka kumi na sita. Nakala yangu niliinunua kwa muuza vitabu vya mtumba aliyetandaza turubai kando ya barabara, Posta, Dar es Salaam, na ilikuwa haina jalada. Baadaye ndipo nilipojua kwamba hiyo ilikuwa bahati. Le Guin mwenyewe ameeleza jinsi alivyohangaika miaka mingi na wachapishaji waliochora mzungu kwenye majalada ya vitabu vyake, wakiamini sura nyeusi haiuzi. Mimi sikuwa na picha ya kunidanganya. Nilikuwa na maneno peke yake.

Na maneno yale yamepangwa kwa ujanja mkubwa. Mwandishi hakutangazii rangi ya mtu ukurasa wa kwanza. Unamfuata mtoto anayechunga mbuzi mlimani, unampenda, unaogopa naye. Kisha wanakuja wavamizi, na hao ndio wanaoelezwa ngozi zao, kwa sababu machoni pa wanakijiji wa Gont weupe wao ndio ugeni. Rangi ya Ged inatajwa kwa kupita tu, kama unavyotaja kwamba jirani yako ni mrefu. Nakumbuka niliusoma mstari ule mara mbili, nikarudi nyuma kurasa kadhaa kuhakikisha. Katika vitabu vyote vya aina hiyo nilivyokuwa nimesoma, watu wa rangi yangu walikuwa hawapo, au walikuwa jeshi la upande wa adui. Le Guin aliandika kwamba wasomaji wasio wazungu walimweleza jambo hilohilo: kwamba katika riwaya za maajabu, vitabu vyake tu ndivyo walivyojiona ndani, hasa walipokuwa vijana.

Upande wa pili nao una hoja, tena nzito. Kitabu hiki ni kigumu kukipiga picha. Sehemu kubwa ni mtu mmoja ndani ya mashua, na adui yake ni kivuli kisicho na uso. Mtengeneza filamu lazima akate, aunganishe, abuni. Peter Jackson alipotengeneza The Lord of the Rings alimtupa nje kabisa Tom Bombadil, ambaye kitabuni amepewa sura nzimanzima, na filamu ya tatu, ya mwaka 2003, ikazoa tuzo zote 11 za Oscar ilizowania. Sisi wenyewe tumekua na hadithi zinazobadilika mdomoni mwa kila msimulizi. Katika vibanda umiza mfasiri huongeza utani wake, humpa nyota wa filamu jina la mtaani, na hakuna anayesimama kudai fedha zake. Nimecheka sana humo. Anayesema kwamba kugeuza hadithi si dhambi anasema kweli.

Le Guin naye alilijua hilo. Mwanzoni watengenezaji walipomwandikia kirafiki, aliwajibu kirafiki, akasema anaelewa kwamba filamu lazima iachane sana na kitabu, ila anatumaini hawatabadilisha bila sababu mambo ambayo mamilioni ya wasomaji wameyajua kwa miongo kadhaa. Kwa maelezo yake, alijibiwa kwamba watazamaji wa televisheni ni wengi zaidi, ni watu wengine kabisa, na hawataelekea kujali mabadiliko hayo.

Jibu hilo limenikaa kichwani miaka yote hii, kwa sababu linaivunja hoja ya kabati. Kama watazamaji ni wengi kuliko wasomaji, basi kwa walio wengi filamu ndiyo hadithi yenyewe. Hawana kitabu cha kurudia. Kwetu jambo hili liko wazi kabisa: filamu unarushiwa na rafiki kwenye flashi jioni moja, ilhali kitabu cha Le Guin unaweza kuzunguka maduka ya mji mzima usikipate. Msichana wa Tanga aliyeiona tamthilia ile na hakukisoma kitabu hajapoteza kipande cha Ged. Ged aliyeandikwa afanane naye hajawahi kufika kwake hata kidogo, na hakuna atakayemwambia kwamba alikuwepo. Kadiri watazamaji wanavyokuwa wengi, ndivyo hasara inavyokuwa kubwa. Waliodhani wingi huo unawapa ruhusa waliuhesabu kinyume.

Kuna jambo jingine linaloonyesha kwamba tatizo halikuwa ufinyu wa muda wala bajeti. Katika Earthsea kila mtu ana jina la kawaida la kuitwa na watu, na jina la kweli ambalo humwambii mtu ila yule unayemwamini na roho yako, kwa kuwa anayelijua anakumiliki. Jina la kuitwa la kijana huyu ni Sparrowhawk, yaani kipanga. Ged ndilo la siri. Anapofikisha miaka kumi na mitatu anavuka uchi maji baridi ya chemchemi za mto Ar, anatoka ng'ambo akitetemeka, na Ogion anamshika mkono na kumnong'oneza jina hilo. Kitabu kizima kinaelekea kwenye siku atakayokitazama kivuli na kukiita kwa jina hilohilo, lake mwenyewe. Tamthilia ikageuza: Ged likawa jina la mitaani, Sparrowhawk likawa la siri. Kulinong'oneza jina sahihi kusingeongeza hata dakika moja ya filamu. Ndipo unapoelewa kwamba msomaji anayelalamikia "jina tu" halalamikii jina.

Hoja ninayoiogopa zaidi ni nyingine. Mwaka 2022 ilipotoka The Rings of Power, tamthilia ya ulimwengu wa Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, wapo waliopiga kelele kwa sababu wahusika kadhaa walichezwa na watu weusi, nao walitumia neno hilihili ninalolitetea: uaminifu kwa kitabu. Siwezi kujifanya sikuwasikia. Lakini ukiwapeleka kitabuni, wengine wao wanapotea njia. Lenny Henry, mwigizaji mweusi, alicheza mmoja wa Harfoot, watu wafupi wa jamii ya hobiti, na Tolkien mwenyewe aliandika kwamba Harfoot walikuwa na ngozi ya kahawia kuliko jamaa zao. Na hata pale kitabu kinapotaja weupe, ninauliza: je, rangi inafanya kazi gani katika hadithi? Ukimfanya mbilikimo wa Tolkien kuwa mweusi, hadithi inaendelea vilevile. Ukimfanya Ged kuwa mzungu, uvamizi wa Gont unakosa maana, na mtego mzima aliowekewa msomaji unateguka. Uaminifu ninaoutetea ni wa kuijua kazi ya kila kiungo kabla ya kukikata.

Miaka miwili baada ya tamthilia ile, studio ya Ghibli ya Japani ilitoa Tales from Earthsea, iliyoongozwa na Goro Miyazaki. Nayo ilibadilisha mengi, pengine kuliko ile ya Marekani: mapema kabisa mwana wa mfalme anamchoma kisu baba yake, tukio ambalo kitabuni halipo. Le Guin aliitazama mwezi Agosti 2006. Goro alipomuuliza ameionaje, alimjibu kwamba si kitabu chake, ni filamu ya Goro, na ni filamu nzuri. Baadaye aliandika kwa urefu mambo yaliyomkera, hasa ule uovu kuwekwa ndani ya adui mmoja ambaye akiuawa mambo yanakwisha. Hata hivyo jibu lile la kwanza lina heshima ambayo wenzao wa Marekani hawakuipata. Robert Lieberman, aliyeiongoza tamthilia ya 2004, alizungumza katika jarida kuhusu mwandishi alikusudia nini, ikabidi mwandishi, akiwa hai na mzima, aandike kukanusha.

Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba mfululizo mwingine wa Earthsea unaandaliwa. Wakate watakavyo. Safari za baharini wazifupishe, mazimwi wayapunguze, shule ya Roke waipe mandhari wanayoweza kuigharimia. Mimi nitaangalia kwanza nani amesimama ndani ya maji yale ya mto Ar, na ananong'onezwa jina gani.