Shetani Tunamfunga Kila Ijumaa, Nani Anamfungua?

Juzi msibani tumekaa zetu uani tunasubiri chai, shemeji yangu mlokole na baba mdogo, mzee wa kanisa wa Kilutheri tangu mi niko mdogo, wakaanzana tena. Shemeji aliombwa aombee chai na maandazi, basi. Akaomba dakika kama saba hivi, kamfunga shetani kwa minyororo ya moto, kavunja madhabahu za ukoo, yaani maagano ya mababu na mapepo, chai imepoa. Baba mdogo akauliza taratibuu, "Mkwe wangu, hivi Ijumaa kwenye mkesha si ulimfunga? Kafunguliwa na nani tena?"

Watu wakacheka, na mimi nikiwemo, ila swali limenikaa kichwani mpaka leo maana ukilifuata linakupeleka moja kwa moja Ufunuo 20, pale joka anapofungwa miaka elfu. Baba mdogo anaenda na alivyofundisha Agostino wa Hippo, askofu wa zamani, miaka ya 400 huko, kwamba miaka elfu ndo kipindi hiki hiki cha kanisa, shetani alishafungwa, bado anasumbua lakini injili hawezi kuizuia isifike kwa mataifa. Shemeji anasema wapi, kwanza unyakuo, waumini wanyakuliwe mbinguni, halafu dhiki ya miaka saba, ndo Yesu arudi amfunge. Mpangilio huo aliueneza sana mhubiri mmoja, John Nelson Darby, kuanzia miaka ya 1830, halafu Biblia ya Scofield ya 1909 ikauweka kwenye maelezo chini ya ukurasa, na watu wakayasoma maelezo kama maandiko. Nikimwambia hivyo shemeji atasema nina roho ya upinzani, kwa hiyo nanyamaza.

Ila kichekesho sasa, anayeamini shetani hajafungwa bado ndo huyo huyo anayemfunga kila wiki, na anayeamini alishafungwa zamani anasali Baba Yetu anaenda kulala. Wote wamemruka Petro. Petro anasema Ibilisi anazunguka kama simba angurumaye, na hajasema mfungeni, kasema mpingeni mkiwa thabiti katika imani. Basi.

Na sio mambo ya kuchekea tu. Shakahola kule Kilifi, Kenya, 2023, watu walifunga kula mpaka wakafa wakiamini wanamuwahi Yesu, ikafukuliwa miili zaidi ya 400, na watoto wadogo wamo. Miaka elfu ni lini, tubishane tu mpaka asubuhi, halina neno. Mi ninachoogopa ni vita ya kiroho ikishaanza kutafuta sura ya mtu. Waefeso 6 inasema kushindana kwetu si juu ya damu na nyama, shemeji anaijua kwa kichwa, lakini sijawahi kusikia hizo madhabahu za ukoo zikitajwa asigeuze macho upande wa shangazi yetu mkubwa, ambaye ana miaka sabini na kitu na macho mekundu, na siku hiyo alikuwa ameshinda tangu alfajiri kwenye moshi wa kuni akikaanga hayo hayo maandazi.

Shangazi aliposikia chai imepoa akaleta chupa nyingine ya moto, akatumiminia wote mmoja mmoja. Shemeji akasema yeye ameshiba, na hata andazi moja hakuwa amegusa.