Pwani Hii Ina Mushkili

Pwani gani hii isiyo na mchanga? Mimi ni mtoto wa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Hapa Hastings, kusini mwa Uingereza, ufuo mzima ni kokoto. Ukienda hatua mbili mbele unateleza moja nyuma, na kila hatua inapiga kelele mpaka vizee walioketi kwenye mabenchi wanageuka kukutazama. Wenyeji wananiambia mchanga upo, subiri maji yapwe. Nami zamu zangu za jikoni hazipangwi kwa bamvua na maji mafu.

Aliyenileta ni Mama Salma. Yeye ni muuguzi, akapata kazi huku, nikamuuliza ni mji gani huo. Akanijibu kwa furaha: "Pwani! Mji wa kale, vichochoro, wavuvi. Utajiona uko nyumbani, Baba Salma." Na yote ni kweli, hapo ndipo ninaposhindwa hata kumlaumu. Vichochoro vipo. Lakini kichochoro cha kwetu kina baraza, na baraza ina watu, kahawa na habari za jirani ambazo jirani mwenyewe bado hajazipata. Cha huku kina ngazi zenye ukungu na milango iliyofungwa. Siku moja jua lilitoka, nikaketi kizingitini kwangu nipunge upepo. Akapita mama mmoja, akasimama, akaniuliza kwa upole kama nimepoteza ufunguo. Nikamwambia hapana, nimekaa tu. Akauliza tena, safari hii akiwa na simu mkononi. Nikaingia ndani.

Ndani nako usiniulize. Boriti zipo, kama kwetu, ila kwetu ziko juu. Hizi za mwaloni zilipachikwa na watu wafupi wa karne zile, na utosi wangu umeshasalimiana na kila moja. Madirisha ni ya kioo kimoja, upepo unapita kati yake bila kubisha hodi. Nikamwomba mwenye nyumba abadilishe. Akasema nyumba imo katika orodha ya majengo ya kihistoria, dirisha halitolewi bila kibali cha serikali ya mtaa. Ya Rabi! Nimekimbia maafisa wa mambo ya kale kule Mombasa, waliomgombeza marehemu baba kwa sababu ya roshani, nikawakuta wenzao wananingoja huku na faili. Historia inalindwa, anayetetemeka ndani yake avae soksi mbili. Ila kodi hailindwi. Hiyo inapanda kila mtu wa London anapogundua kwamba treni inafika hapa kwa saa moja u nusu hivi na kwamba nyumba yangu ya baridi ina "haiba".

Na historia yenyewe! Dunia nzima inajua Vita vya Hastings, tarehe 14 Oktoba 1066, mfalme Harold akauawa, William wa Normandy akaichukua Uingereza. Basi nikamwuliza mwenzangu kazini uwanja wenyewe uko wapi, nikampeleke Salma akaone. "Oo, haikuwa hapa," akasema. Kumbe walipigana karibu kilomita kumi kutoka hapa, mahali ambapo sasa pana mji wake mwenyewe, unaitwa Battle. Karibu miaka elfu moja mji huu unajivunia ugomvi wa kwa jirani! Ngome ya William ipo kweli, juu ya jabali, lakini katika karne ya 13 dhoruba zilimega jabali na kipande cha ngome kikaenda nalo. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, ikapigwa mizinga na kila aliyepita na jahazi, imesimama pale pale. Nimewaambia hapa kazini. Hawakupenda.

Wavuvi, basi, nawavulia kofia. Hawana bandari, mashua zinapandishwa juu ya kokoto kwa winchi na matrekta, kisha siku ya pili zinasukumwa tena majini, na kazi hiyo ni ya mamia ya miaka. Nyavu zilikuwa zikitunzwa ndani ya vibanda vya mbao vyeusi, vyembamba, virefu kwenda juu, utadhani mbwa mwitu amevibana vibanda vyote pembeni. Majira ya kuchipua wanavua hata madome, wale jamaa wa ngisi. Nikafurahi, nikasema leo ni dome na tui. Muuzaji akanitazama. Wengi wa madome hao husafirishwa kwenda Ulaya bara, Mwingereza hana haja nao. Yeye samaki wake anamvika unga, anamzamisha ndani ya mafuta, anammwagia siki. Ndimu? Hakuna. Pilipili? Usiseme.

Na hata huyo samaki utamla mwenyewe kama shakwe amependa. Kunguru wa Mombasa ni mwizi, lakini ukiinama tu kama unaokota jiwe, ameshafika Likoni. Shakwe wa hapa anakutazama mpaka umalize kuinama. Anajua sheria: kwa ile ya 1981 ndege wa mwituni wanalindwa, kiota chake tu hukigusi. Ameketi juu ya dohani langu, anapiga kelele kabla ya alfajiri, na mimi ndiye mpangaji.

Halafu kuna maharamia. Mwaka 2012 walikusanyika hapa watu 14,231 waliovaa kiharamia, wakavunja rekodi ya dunia, na hadi leo wana siku yao. Mjomba wangu ni baharia. Miaka ile ya maharamia wa Somalia, kila meli ya mjomba ilipokaribia Ghuba ya Aden, bibi alikuwa hali wala halali, tasbihi mkononi. Huku bosi amenipa kitambaa cha jicho na kasuku wa plastiki wa kukaa begani, nihudumie wateja nao.

Sasa Mama Salma amejiunga na kundi la wanawake wanaoogelea baharini asubuhi. Baharini humu, Januari, maji ya nyuzi saba au nane! Anarudi amekuwa mwekundu, anacheka peke yake, anasema damu inatembea. Jumamosi anataka twende wote, ameshaninunulia na kofia ya mpira. Tangu jana nimeanza kushika kiuno nikipanda ngazi, na kukohoa kidogo. Tatizo la kuoa muuguzi ni kwamba ameleta kipimajoto.