Chuchu moja haiponi na bado unapaka krimu?

Kampeni zote za saratani ya matiti zinakwambia jipapase utafute uvimbe, sawa, ila kuna moja ya nadra inajitokeza kwenye ngozi ya chuchu, unaweza ukajipapasa mwaka mzima na usikute kitu. Ni ugonjwa wa Paget, kama asilimia 1 mpaka 4 tu ya saratani za matiti, na kwa maoni yangu kinachowaponza watu hapa ni zile tyubu za krimu.

Maana inaanza hivi, chuchu inawasha, inachoma, inakuwa nyekundu na kubanduka magamba, baadae majimaji au damu inaacha doa kwenye sidiria, wengine chuchu inabonyea ndani. Nani atawaza saratani? Unaambiwa pumu ya ngozi, unapewa krimu ya steroidi, na balaa lenyewe ni kwamba krimu inaweza kweli ikatuliza muwasho kwa muda, basi mtu anashukuru Mungu na miezi inakatika huku seli za saratani ziko palepale.

Pumu ya ngozi mara nyingi inashika pande zote mbili na inaanzia ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu, Paget kwa kawaida ni upande mmoja na inaanzia kwenye chuchu yenyewe ndo inatambaa kwenda nje. Ukiona hivyo achana na krimu ya pili, omba biopsi, ni kipande kidogo tu cha ngozi kinaenda maabara. Mamogramu, yaani eksirei ya titi, ikiwa safi usitulie sana, inaweza isiione. Na wanaume wanaupata pia, wachache lakini wapo.

Daktari James Paget wa London aliandika mwaka 1874 kuhusu wanawake kama 15 wenye hali hiyo, akasema wote aliowafuatilia walipata saratani ndani ya titi kabla miaka 2 haijaisha. Leo inajulikana kwamba wengi wanakuwa nayo tayari humo ndani, na hiyo ndo inayoamua mambo. Ikiwa bado imebaki kwenye mirija ya maziwa na hakuna uvimbe, wengi sana wanapona, tena si lazima titi lote litolewe, wengine wanatolewa chuchu na nyama ya chini yake halafu wanapigwa mionzi. Ikishafika kwenye tezi za kwapani ni habari nyingine, ndo maana nakereka nikisikia mtu ameambiwa apake wiki mbili tena.