Hela ya maji ianzie kwenye maji yanayoumiza watu

Bajeti ya wizara ya maji mi huwa naifuatilia kila mwaka na swali langu ni lilelile, hivi kijiji gani kianze kupewa hela na kwa kigezo gani? Ukisikiliza hotuba bungeni kinachotajwa sana ni asilimia ya wananchi waliofikiwa, lengo lilikuwa 85 vijijini na 95 mijini ifikapo 2025, na kwa vijijini kufikiwa ni kuwa na kituo cha kuchotea ndani ya mita 400, kituo kimoja watu 250. Sawa, umbali ni jambo kubwa, akina mama wamebeba ndoo miaka nenda miaka rudi na kila bomba linalosogea nyumbani nalishangilia kwa moyo wote. Ila maji yenyewe yana nini ndani yake? Hapo ndo naumia.

Nenda kule pembeni ya mlima Meru mkoani Arusha, Ngarenanyuki, Oldonyo Sambu, maeneo yale. Utakuta watoto meno ya kahawia yenye madoa, binti akicheka anaziba mdomo kwa kiganja, wengine miguu imepinda kabisa na wapo wazee migongo imekakamaa hawawezi kuinama. Hiyo ni floraidi, inatoka kwenye miamba ya volkano inaingia kwenye maji, haina rangi wala harufu, na kuchemsha hakusaidii, tena maji yakipungua sufuriani floraidi inabaki palepale kwahiyo ndo inazidi. Shirika la Afya Duniani, WHO, wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi kwa miaka mingi tuliruhusu mpaka 4, sasa tumeshusha na sisi tuko 1.5, lakini kuna vyanzo huko vinapita hata 20! Na kwa hesabu ya umbali, kijiji chenye bomba la maji hayo kinahesabika kimefikiwa, kimetoka kwenye foleni, hela inaenda kwingine.

Na sio kwamba haiwezekani. Arusha mjini ulitekelezwa mradi wa shilingi bilioni 520, mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, vikachimbwa visima virefu mpaka wilaya ya Hai ili uzalishaji utoke lita milioni 40 kwa siku ufike milioni 200, na shida ya floraidi ilikuwa mojawapo ya sababu. Safi sana. Sasa vijiji vilivyo juu ya mji je? Pale Ngurdoto wizara ina kituo cha utafiti cha kuondoa floraidi, wanachoma mifupa ya ng'ombe, wanaisaga, ule mkaa unawekwa kwenye ndoo ya kuchujia na maji yakipita floraidi inanaswa. Mifupa ya machinjioni jamani, sio mtambo wa kuagiza nje. Ila mkaa ukishajaa unatakiwa kubadilishwa, kwahiyo inahitajika hela inayokuja kila mwaka, na hela ya namna hiyo ndo ngumu kupatikana kwasababu kubadilisha mkaa hakuna jiwe la msingi, mwenge hauji kuzindua na mbunge hapigi picha. Hivyohivyo kwa klorini, spea za pampu na vipimo vya maabara.

Hili tulishaliona zamani. Mwaka 1971 nchi ilianza mpango wa miaka 20 kwamba ikifika 1991 kila mwananchi wa kijijini awe na maji ndani ya mita 400, tukajenga kwelikweli, halafu miradi mingi ikafa kwa kukosa dizeli, spea na mafundi.

Hela ipo, angalau ya kuanzia. Kila lita ya petroli au dizeli tunakatwa shilingi 50 inaenda Mfuko wa Taifa wa Maji, kuanzia bodaboda mpaka mwenye lori, wote tunachangia. Mi naona sehemu ya hiyo shilingi 50 ifungwe kisheria iwe ya ubora wa maji na matengenezo tu isiguswe kwa kitu kingine, na foleni ya miradi ipangwe kwa majibu ya maabara, yaani penye floraidi ya kutisha na penye kipindupindu kinachorudi kila mvua ndo paanze, hata kama bomba lipo tayari. RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, wabandike majibu ya vipimo kwenye ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili cha kawaida, tarehe ya kupima na kiwango kilichopatikana, ili mwananchi akimuuliza diwani aulize akiwa na namba mkononi. Na kwenye hotuba ya bajeti ijayo, pembeni ya asilimia ya waliofikiwa, waziri asome na asilimia ya wanaokunywa maji yaliyopimwa yakaonekana salama.