Shamba la Nabothi na ploti za Malindi

Huku Malindi ikisomwa 1 Wafalme 21 kanisani, hakuna anayesinzia. Mfalme Ahabu anatamani shamba la mizabibu la Nabothi lililo ubavuni mwa jumba lake Yezreeli. Nabothi anakataa, anauawa. Kila muumini ana Ahabu wake kichwani, na yule mwenye ploti mbili tatu za ufuoni huanza kutazama saa. Baada ya ibada utasikia lalamiko: mhubiri ametia siasa za ardhi madhabahuni, anawapa maskwota Biblia badala ya hati.

Lalamiko hilo lina uzito. Kutoka 23 inakataza kumpendelea maskini katika kesi yake. Yeremia aliponunua shamba la Anathothi alipima shekeli 17 za fedha kwenye mizani, akaita mashahidi, hati moja ikatiwa muhuri na nyingine ikaachwa wazi, zote zikahifadhiwa katika chombo cha udongo. Warumi 13, inayoagiza kutii mamlaka, sina haja ya kuinukuu. Na mtu aliyenunua ekari yake kwa akiba ya miaka, akalipa mpimaji na ada zote, kisha akaamka kuikuta imejaa vibanda, ana haki ya kuuliza amri ya "usiibe" inamlinda nani.

Ila nashuku wenye lalamiko wamekisoma kisa hiki nusu. Wanamwona mfalme mvamizi, kisha wanajitazama wao na kujikuta safi, maana hawakuvamia mtu. Hebu kirudieni. Ahabu alianza na bei: shamba bora kuliko lile, au fedha taslimu, Nabothi achague mwenyewe. Dalali yeyote wa hapa angeiita ofa nzuri. Nabothi akakataa kwa kuwa ule ulikuwa urithi wa baba zake. Yezebeli, mke wa Ahabu, naye hakutuma wahuni, alituma barua. Zilikuwa na muhuri wa mfalme, zikaenda kwa wazee wa mji. Saumu ikatangazwa, baraza likakaa, mashahidi wakaletwa wawili kama torati inavyotaka, Nabothi akauawa. Faili la kesi ile ungelikuta kamili, hata ukurasa mmoja haukosekani. Nabii Eliya hakuliomba faili. Alimfuata Ahabu mle mle shambani akamwuliza kama ameua na sasa anamiliki, na huyo Ahabu hakuwa ameandika hata barua moja.

Ndiyo maana mimi nikisoma sura hiyo hukumbuka 1908. Sheria ya hatimiliki ya mwaka huo iliwataka watu wa ukanda wa pwani wapeleke madai yao ya ardhi. Ambayo haikudaiwa ikawa ya Taji la Uingereza. Sheria halali, yenye ofisi na karani. Lakini Mgiriama ambaye shamba lake lilikuwa la ukoo angelidai kwa jina la nani? Kisha 1914, upinzani aliouchochea Mekatilili wa Menza ulipozimwa kwa bunduki, Wagiriama wakaamriwa kuondoka kaskazini ya mto Sabaki, wakaacha mashamba yao. Waliporudi, wengi walirudi bila karatasi. Mjukuu wao akiitwa skwota leo huko Magarini, jina hilo amepewa na faili kamili kama lile la Yezreeli.

Walawi 25 nayo hutajwa kama ndoto ya kale, na hapo wasomi wetu hunishangaza. Inasema ardhi isiuzwe moja kwa moja. Kinachouzwa ni hesabu ya mavuno yaliyobaki hadi yubile, mwaka wa 50, ardhi inaporudi kwa wenyewe. Mzee wa pwani aliyewahi kuweka minazi rehani hahitaji kufafanuliwa: mwenye fedha ataangua nazi, minazi ni ya mwenyewe. Tena sura hiyo ina kiasi. Nyumba iliyo ndani ya mji wenye ukuta, isipokombolewa kwa mwaka mmoja, ilikuwa ya mnunuzi daima. Kwa hiyo sijaona aya ya kumtoa Mwitaliano aliyehamia Malindi nyumbani kwake mjini, na anayeihubiri hivyo anajitungia.

Linalobaki gumu ni la mnunuzi wa tatu au wa nne, ambaye hakumjua Nabothi wala Ahabu. Ezekieli 18 inakataa mwana abebe uovu wa babake, na sina ubishi. Lakini tazama Nehemia 5. Watu walilia kwamba wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa. Ile mikopo haikuwa wizi. Nehemia anakiri kwamba yeye na ndugu zake pia walikopesha. Hata hivyo aliwaita wakuu mkutanoni akawataka warudishe siku hiyo hiyo, wakakubali, akawaapisha mbele ya makuhani.

Na hiyo hati ya Yeremia wanayoipenda watetezi wa karatasi, waisome kuanzia aya ya saba. Muuzaji alikuwa Hanameli, mwana wa ami yake. Alimwendea Yeremia, aliyekuwa kifungoni na jeshi la Babeli limeuzingira mji, kwa sababu Yeremia ndiye jamaa mwenye haki ya kulikomboa shamba lisitoke nje ya ukoo.